Ya Kuvunja na ya Kuzikana

Kamati ya harusi ikishamaliza kazi yake huvunjwa. Maharusi wameshakwenda kwao, viti na turubai vimerudi kwa wenyewe, mpishi na mpiga muziki wamelipwa chao, na wiki moja au mbili baadaye wajumbe hukutana tena, safari hii kwa nyama choma, ndizi na vinywaji. Mwenyekiti anashukuru. Mweka hazina anasoma hesabu ya mwisho. Kilichobaki kinaliwa palepale au wanakabidhiwa maharusi, na kila mmoja anashika njia yake. Jambo hilo linaitwa kuvunja kamati, na mtu wa Dar es Salaam au Moshi hulitamka bila kusita, ingawa anayejifunza Kiswahili akilisikia anaweza kudhani watu wamegombana.

Kikoba nacho huvunjwa mwisho wa mwaka wake. Kibubu huvunjwa kikijaa. Na mwezi wa Shaabani ukielekea ukingoni, watu wa pwani huvunja jungu: marafiki huchangishana, hupika, hutoka kwenda ufukweni au shambani, hula na kucheza kabla Ramadhani haijaingia. Kitenzi hicho hicho ndicho tunachokitumia kwa ahadi, kwa sheria, kwa ndoa na kwa moyo. Kuvunja ahadi ni aibu, kuvunja kamati ni sherehe. Nimeliwaza sana jambo hili, na naona tofauti iko kwa mvunjaji. Ahadi huvunjwa na mmoja, tena wenzake hawajui. Kamati huvunjwa na wote kwa pamoja, siku ambayo kila mtu aliijua tangu kikao cha kwanza. Maneno ya zamani ya marafiki kufanya jambo pamoja yana hekima hiyo ndani yake: yanasema mzigo utazungukaje, na yanasema utatuliwa lini. Maneno mapya mengi hayasemi lolote kati ya hayo, na ndiyo maana nataka tuyatazame yale ya zamani kabla hayajatuponyoka.

Turudi kidogo kwenye daftari la kamati ya harusi, maana ndilo andiko la urafiki linalosomwa kwa sauti kuliko yote katika miji yetu. Mara nyingi ni kaunta buku lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni namba, ya pili jina, ya tatu Ahadi, ya nne Taslimu, ya tano Baki. Hakuna anayempangia mwingine kiasi. Mtu husimama na kusema mwenyewe, "Mimi naahidi laki moja," na katibu anaandika. Kuanzia hapo neno lake lina safu yake. Kikao kinachofuata majina yanasomwa, na aliyetoa nusu atasikia nusu yake ikitajwa mbele ya mjomba wa bwana harusi na shangazi wa bibi harusi. Sote tumekua tukisikia kwamba ahadi ni deni. Kwenye daftari hilo methali imekuwa kanuni ya mahesabu: toa taslimu katika ahadi, unapata baki. Sijui sehemu nyingine ambapo methali imepigiwa mistari ya rula namna hiyo.

Lakini hali yenyewe ya mtu kujifunga kwa wenzake tunaiitaje? Hapa Kiswahili kina jambo la kushangaza. Tunacho kitenzi kujitoa, na kina nyuso mbili zinazotazamana. "Yule kaka anajitoa sana" ni sifa: huja vikaoni, hutoa gari lake, hulala msibani. "Yule kaka amejitoa," bila maelezo zaidi, ni habari mbaya: ameacha kikundi. Timu ikijitoa kwenye mashindano imeondoka. Mama akijitoa kwa ajili ya watoto amebaki. Katika zile sentensi mbili za kaka, tofauti yote imebebwa na -na- na -me-. Anayejitoa kila siku yumo ndani, aliyejitoa mara moja yuko nje. Pengine ndiyo sababu watu wa ofisini hukimbilia kujitolea, ambako maana imetulia, ila kujitolea nako kumefinywa mpaka kumekuwa kazi isiyo na mshahara. Mimi bado napenda kujitoa pamoja na hatari yake. Kitenzi kinachoweza kumaanisha kuingia na kutoka kinamkumbusha mtu kwamba anachokitoa ni nafsi yake, na nafsi inaweza kurudishwa nyumbani.

Sasa maneno ya zamu. La kwanza kwangu ni kikoa, neno ambalo vijana wengi hawalijui tena. Kula kikoa ni marafiki kadhaa kukubaliana walishane kwa zamu: leo wote wanakula kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka zamu imzungukie kila mmoja. Tazama uzuri wa mpango huo. Kinachodaiwa ni chakula, na hulipwa kwa chakula. Hakiwekwi benki, hakiongezewi riba, na mwenye nacho hawezi kuwapiku wenzake kwa mengi zaidi ya nyama kidogo kwenye mchuzi. Kikoa cha watu sita kikifika siku ya nne na mtu akaanza kukwepa, hakuna haja ya mweka hazina: matumbo ya watu watano yanajua. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Kisha zamu ya sita inakwisha, na kikoa kimekwisha. Wakitaka kingine wanaanza upya.

Neno hilo limepata makazi mengine ambayo waliokula kikoa zamani wasingeyaota. Wataalamu wa istilahi za kompyuta walilichukua kutajia anwani ya tovuti, na leo tunasoma juu ya "jina la kikoa" na usajili wa vikoa vinavyoishia na .tz. Nawaelewa, neno lilikuwa limelala, fupi, linaingia vizuri katika ngeli ya ki-vi, na wao walihitaji neno. Hata hivyo inauma kidogo kuona kwamba mwanafunzi wa leo akiambiwa "tufanye kikoa" atafikiria malipo ya mwaka ya tovuti, na asifikirie sinia. Lingekuwa jambo jema walimu wa Kiswahili wakizifundisha maana zote mbili siku moja, sinia kwanza.

Ndugu wa kikoa ni upatu. Huu hauhitaji kuelezwa kwa akina mama wa mjini, lakini tuuweke wazi, kwa sababu jina lake limechafuliwa. Watu 10 wanaofahamiana wanakubaliana kila mmoja atoe shilingi 50,000 kila mwisho wa mwezi. Kila mwezi mmoja wao anapokea 500,000. Baada ya miezi 10 kila mtu ametoa laki tano na kupokea laki tano, na hakuna senti iliyozaliwa wala iliyokufa. Kilichobadilika ni wakati. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba wala dhamana. Wa mwisho amewekewa akiba na mikono isiyomruhusu kuila kabla ya wakati. Wa katikati amekuwa mkopeshaji na mkopaji kwa zamu. Kenya wana chama na merigoraundi, Lubumbashi na Goma utasikia likelemba, neno la Kilingala, na Kigali ni ikimina. Dar es Salaam wengi huuita mchezo tu: "Tunacheza mchezo wa kila wiki," "Mwezi huu napokea mchezo." Jambo zito limepewa jina jepesi, na jina jepesi hulifanya libebeke.

Anayeuendesha mchezo ni kijumbe. Sijui cheo kingine chenye unyenyekevu wa namna hii: mjumbe aliyepunguzwa kwa ki-, mtu mdogo wa kutumwa, ilhali ndiye anayeshika kila kitu. Ana orodha ya majina kichwani na nakala yake kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya pochi. Anajua nani mumewe hana kazi, nani anajenga, na nani mwanawe anaingia kidato cha kwanza Januari. "Dada, niwekee ya Januari, mtoto anakwenda bweni," anaambiwa, naye anakwenda kumwomba mwenye zamu ya Januari apokee Machi. Mtu akichelewa kutoa, mara nyingi kijumbe hufukia kwa fedha yake ili anayepokea asivunjike moyo. Mara nyingine hupewa chochote kwa usumbufu wake. Kamusi ikimweka kijumbe chini ya mjumbe na kusema ni udogo wake, imemdhulumu. Anastahili kidahizo chake mwenyewe.

Nilisema jina la upatu limechafuliwa. Mwaka 2009 Tanzania ilitikiswa na DECI, taasisi iliyowaita watu "wapande mbegu" ili baadaye "wavune" zaidi ya walichopanda. Fedha za waliokuja nyuma ndizo zilizowalipa waliotangulia. Serikali iliingilia kati, wakuu wake wakafikishwa mahakamani, na katika magazeti na midomo ya viongozi jambo lile likaitwa biashara ya upatu. Tangu hapo neno lililokuwa la majirani limekaa kizimbani pamoja na matapeli. Nasema kwa uchungu kwamba hili ni kosa la istilahi. Upatu una idadi inayojulikana na mwisho unaojulikana. Mpango wa kitapeli hauna mwisho, unahitaji wageni wapya kila siku, na siku wageni wakikosekana unaanguka. Upatu hauahidi faida hata ya shilingi moja. Kuvipa vitu hivi viwili jina moja ni kuwaambia watu wawaogope majirani zao kama wanavyopaswa kuwaogopa wezi. Tunaweza kabisa kuuita utapeli huo biashara ya piramidi, jina ambalo tayari linatumika, tukaurudisha upatu nyumbani.

Kikoba kina historia ya furaha zaidi. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya wanawake wa Niger vya kuweka na kukopeshana, na mtindo huo ukasambaa Afrika, ukafika Zanzibar na Tanzania Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Moja ya majina yaliyokuja nao ni VICOBA, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii vijijini. Wananchi walipolisikia hawakusikia kifupisho. Walisikia vi-, na penye vi- pana ki-. Kundi moja likawa kikoba, na kikoba tulikuwa nacho tangu zamani: mkoba mdogo. Hakuna baraza lililokaa kuamua. Ngeli za Kiswahili zilimpokea mgeni na kumpa jina la kitu anachofanana nacho. Ndani ya kikoba chenyewe istilahi zimejipanga vizuri: hisa, mkopo, mfuko wa jamii, faini ya kuchelewa, sanduku lenye kufuli tatu na funguo zilizo kwa watu watatu. Mzunguko ukikamilika sanduku linafunguliwa mbele ya wote, kila mtu anapewa hisa zake na faida yake, na kikoba kinavunjwa. Wengi huanza kingine wiki inayofuata, na wale wale.

Kuna maneno ya aina nyingine, ambayo hayana zamu: yale ya wote kwa mara moja. Ujima, msaragambo, harambee. Upareni, msaragambo ni siku ya kijiji kizima kutoka na majembe kwenda kuzibua mifereji na ndiva, yale mabwawa madogo ya mlimani yanayokusanya maji ya kumwagilia. Usukumani vikundi vya kulima vina ngoma yake, bugobogobo, inayochezwa na majembe mkononi, ambapo jembe linapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Harambee ilikuwa mwito wa wavutao na wabebao kitu kizito, na Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa taifa mwaka 1963. Upo hadi leo kwenye nembo ya Kenya, na kwa harambee wananchi walijenga shule nyingi za sekondari ambazo serikali isingezimudu. Baadaye neno lilihama kutoka mabegani likaenda mifukoni. Likawa hafla ya mchango, mwanasiasa akisimama na bahasha, hata sheria ya maadili ya mwaka 2003 ikabidi iwawekee maofisa wa umma mipaka. Naulilia mwito wa kwanza. Ulikuwa na kitu ambacho hafla haina: mzigo ukishafika, mwito unanyamaza wenyewe.

Ujima ndio uliopata ajali mbaya kuliko yote. Kazi ya ujima ilikuwa kazi ya kusaidiana, leo shamba langu, wiki ijayo lako. Kisha waandishi wa vitabu vya historia, walipotafuta neno la mfumo wa maisha ya kale kabla ya matabaka, wakauchukua ujima. Vizazi vya wanafunzi wa Tanzania vikajifunza kwamba ujima ulikuwa zama za zana za mawe, na "mambo ya ujima" yakawa matusi ya kumwambia mtu aliyepitwa na wakati. Wakati huohuo ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa na kuuweka ujima kuwa msingi wa tatu kati ya saba, na hadi leo familia za Wamarekani Weusi huuwashia mshumaa tarehe 28 Desemba. Wao hawasikii ukale ndani yake. Wanasikia matatizo ya jirani yakifanywa matatizo yetu. Tungekuwa na busara kuupokea tena kutoka kwao, ukiwa umesafishwa.

Bia nitaitaja haraka. Kamusi bado zinakumbuka kwamba bia ni ushirika, na kazi ya bia ni kazi ya pamoja. Kinywaji kimelishinda neno hilo na sidhani litarudi.

Sasa angalia tunachosema leo. Marafiki wakitaka kununua kiwanja, kufuga kuku au kumsaidia mwenzao mgonjwa, hatua ya kwanza ni "tufungue grupu." Grupu linasema tu kwamba watu wako mahali pamoja. Halisemi nani anadaiwa, mzigo unazungukaje, wala mwisho wake ni lini. Na limezaa kitenzi chake, kulefti: "Fulani kalefti." Huo ni uondokaji wa mmoja mmoja, kimyakimya, usiku. Grupu halivunjwi na mtu yeyote. Linapungua, linakauka, na linabaki kwenye simu likiwa na jina la harusi ya watu ambao sasa wana watoto wawili. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukiharibika kwa njia hiyo, bila ugomvi na bila tusi, kwa sababu tu hakuna aliyejua kama bado anadaiwa. Wangeuita mpango wao upatu, kikoa au kikoba, jina lenyewe lingewauliza maswali waliyoyaruka.

Hata mradi, neno linalopendwa sana sasa, lina jambo la kutufundisha. Zamani mradi ulikuwa kusudio, jambo mtu analolitaka moyoni. Leo ni kuku 200 na banda la mabati. Lakini bado tunalitumia kama kiunganishi: "Njoo saa yoyote, mradi uje." Neno moja linabeba shughuli na sharti lake. Ningependa kila kundi la marafiki linaloandika "Mradi wetu" juu ya karatasi limalizie na ile mradi ya pili: tutaendelea, mradi nini?

Limebaki moja, na hili halina siku ya kuvunjwa. Tunasema marafiki wa kufa na kuzikana. Mijini na vijijini kuna vyama vya kufa na kuzikana, vyenye katiba, ada, masufuria makubwa, majamvi na turubai vinavyotunzwa kwenye chumba cha mwanachama mmoja. Desturi ni ya siku nyingi: vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyosambaa Afrika Mashariki nyakati za ukoloni, vilisaidiana pia kwenye shida na mazishi ya wanachama wao.

Sikiliza kitenzi chenyewe. Kiambishi -ana kinataka watu wafanyiane: pendana, saidiana, daiana. Lakini kuzikana kati ya wawili hakuwezekani, maana aliyezikwa hawezi kuzika. Mmoja atalipa, mwingine hatalipwa na yule aliyemlipia. Kwenye upatu zamu hupangwa mapema. Huku hakuna ajuaye namba yake. Kwa hiyo kitenzi hiki kinadai kundi kubwa kuliko marafiki wa mwanzo, na wanaokiishi wanalijua hilo: chama huandikisha kaya nzima, mtoto hushika nafasi ya baba, na wanachama wapya hukaribishwa kila mwaka, ili wa mwisho asikose wa kumzika. Kwa Waswahili walio London, Houston au Muscat kazi imeongezeka. Mwenzao akifariki na ndugu wakitaka azikwe kwao, watu ambao wengine hawakuwahi hata kumwona huandika ahadi zao siku hiyohiyo, na miongoni mwa vitu ambavyo kuzikana kwao kunagharimia sasa kuna vibali, jeneza la safari na nafasi kwenye ndege.